Panya Mdogo na Siri ya Damu

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosemwa redioni. Yamechapwa ili wanafunzi wayasome tena darasani pole pole, kila mmoja kwa zamu yake.)

Maneno ya kuandika ubaoni kabla ya somo

Chembe: sehemu ndogo kabisa ya mwili yenye uhai. Haionekani ila kwa hadubini.
Uboho: kitu laini kilicho ndani ya mfupa.
Wengu: kiungo kilicho upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Wengine hukiita bandama.
Hemoglobini: kitu kinachoipa damu rangi nyekundu na kuchukua hewa mwilini.
Jeni: agizo la urithi ambalo mtoto hulipata kwa baba na kwa mama.
Maabara: nyumba ya kufanyia uchunguzi wa kitaalamu.

SOMO

Walio nyuma wasogee karibu na redio, wapate kusikia vizuri.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mnyama ambaye kila mmoja wetu anamjua, na hapana hata mmoja ampendaye. Ni panya mdogo wa nyumbani, yule atoboaye gunia la mahindi usiku. Mama akimwona, hutafuta ufagio. Hata hivyo mnyama huyu ndiye aliyewafundisha madaktari mambo mengi juu ya damu ya binadamu, na juu ya ugonjwa mmoja ambao umewaliza wazazi wengi katika nchi zetu.

Kwanza tujiulize: damu hutoka wapi? Katika tone moja dogo la damu mna chembe nyekundu mamilioni. Kazi yao ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini. Chembe nyekundu ya mtu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Basi mwili hauna budi kutengeneza nyingine mpya kila siku, usiku na mchana. Kiwanda chake ni uboho. Mkivunja mfupa wa ng'ombe baada ya kula supu, mtauona humo ndani. Wataalamu walijua tangu zamani kwamba damu hutengenezwa humo, lakini hawakujua inatengenezwa namna gani, wala kwa nini kiwanda hicho huharibika. Hawakuweza kumfungua mtu mzima mifupa ili watazame. Walihitaji mnyama wa kuwasaidia.

Kwa nini panya? Kwa sababu mwili wake unafanana na wetu katika mambo mengi. Ana uboho, ana wengu, ana chembe nyekundu zenye hemoglobini. Tena huzaa upesi. Mimba yake ni majuma matatu tu, na baada ya miezi miwili yule mtoto naye yuko tayari kuzaa. Kwa hiyo mtaalamu aweza kuona wajukuu na vitukuu katika muda wa mwaka mmoja.

Bibi aliyefuga panya

Hadithi yetu yaanzia Marekani, katika mji mdogo wa Granby, jimbo la Massachusetts, mwanzoni mwa karne ya 20. Huko aliishi bibi mmoja, jina lake Abbie Lathrop. Alikuwa mwalimu wa shule, kisha akaacha kazi hiyo. Akajaribu kufuga kuku, asipate faida. Basi akaanza kufuga panya, maana wakati ule kulikuwa na watu waliopenda panya wa rangi rangi, wakiwaweka nyumbani kama wengine wafugavyo njiwa. Baadaye wakaja wanunuzi wa namna nyingine, nao ni wataalamu waliotaka kuchunguza habari za urithi.

Bibi Lathrop alikuwa na desturi moja njema. Aliandika kila kitu katika daftari: panya yupi amezaa na yupi, na yupi ameota uvimbe. Alifariki mwaka 1918, lakini panya waliotoka kwake na daftari zake ziliendelea kuwafaa wataalamu. Ninyi mnaojifunza kuandika, likumbukeni jambo hili. Jambo lililoandikwa huishi kuliko mwandishi wake.

Mwaka 1909, kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Clarence Cook Little, alianza kuzalisha panya ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, mpaka wote wakawa sawa kama mapacha. Mtauliza, ya nini kazi hiyo? Fikirini mkulima anayetaka kujua kama mbolea inafaa. Akipanda mbegu ya namna moja katika shamba hili, na mbegu nyingine katika shamba la pili, hatajua kama mavuno yameletwa na mbolea au na mbegu. Lazima mbegu iwe moja. Hali kadhalika kwa panya. Wakiwa sawa kwa urithi, ndipo mtaalamu atajua kwamba badiliko analoliona limeletwa na dawa yake.

Mwaka 1929 Bwana Little akaanzisha maabara ya panya katika mji wa Bar Harbor, ufukoni mwa jimbo la Maine. Ikaitwa Maabara ya Jackson. Mwezi wa Oktoba 1947, baada ya kiangazi kikali, moto mkubwa wa msitu ukaichoma. Panya karibu wote wakafa. Ilidhaniwa kazi ya miaka mingi imepotea. Lakini maabara hiyo ilikuwa imewapelekea wataalamu wa mahali pengine panya wake. Hao sasa wakawarudisha watoto wa panya wale wale. Ilikuwa kama mtu aliyeunguliwa na ghala, kisha majirani aliowapa mbegu msimu uliopita wakamrudishia apande tena. Wahenga walisema kweli: akiba haiozi.

Aliyesimamia kazi ya kuwakusanya tena panya hao ni bibi mtaalamu, Elizabeth Russell. Yeye alichunguza panya fulani wenye mabaka meupe. Panya hao walizaliwa na upungufu wa damu, na waliozidiwa walikufa wachanga. Ugonjwa ulikuwa katika urithi wao. Mwaka 1956 Bibi Russell na wenzake waliandika kwamba walichukua chembe za kutengeneza damu za panya wazima, wakazitia katika panya wagonjwa. Wale wagonjwa wakapata damu nzuri. Maana yake ni kwamba kiwanda kibovu chaweza kuondolewa na kizima kikawekwa mahali pake.

(Hapa mwalimu wa darasa asimamishe kidogo. Mwanafunzi mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini panya walitakiwa wawe sawa kwa urithi.)

Bomu, risasi na wengu

Sasa twende kwenye jambo la huzuni. Mwezi wa Agosti 1945 mabomu ya atomiki yaliangushwa katika miji ya Hiroshima na Nagasaki, nchini Japani. Maelfu walikufa siku ile ile. Lakini kulikuwa na wengine walioonekana wamepona, na baada ya majuma machache wakaanza kutoka damu, wakashikwa na homa, wakafa. Mionzi ya bomu ilikuwa imeua uboho wao. Madaktari wakauliza: je, mtu aliyeharibika uboho aweza kuokolewa?

Jibu la kwanza lilitoka kwa panya. Mwaka 1949, huko Chicago, Leon Jacobson aliwapiga panya mionzi mikali ya kuua. Lakini wengine aliwakinga wengu kwa risasi, si risasi ya bunduki, bali madini yenyewe, ambayo huzuia mionzi. Waliokingwa wengu wengi waliishi. Mwaka 1951 Egon Lorenz na wenzake wakaonyesha kwamba panya aliyepigwa mionzi aweza kuokolewa pia akichomwa sindano ya uboho wa panya mwingine.

Hapo wataalamu wakabishana. Wengine walisema ndani ya uboho mna dawa fulani inayouamsha mwili wa mgonjwa. Wengine walisema la, ni chembe zenyewe zinazohamia na kufanya kazi. Mwaka 1956 wataalamu wa Harwell, Uingereza, walimaliza ubishi huo. Walitumia uboho wa panya ambaye chembe zake zilikuwa na alama ya kujulikana, kama mfugaji atiavyo ng'ombe wake alama. Walipotazama kwa hadubini, chembe zenye alama ndizo walizozikuta katika uboho wa mgonjwa. Zilikuwa zimehamia kweli.

Lakini katika uboho mna chembe za kila namna. Ni ipi iliyo mama wa nyingine zote? Siri hiyo ilifumbuliwa Toronto, nchini Kanada, na watu wawili: James Till, mtaalamu wa fizikia, na Ernest McCulloch, daktari. Waliwapa panya mionzi, kisha wakawachoma uboho kwa vipimo mbalimbali. Siku 10 hivi baadaye, walipotazama wengu za panya hao, waliona vinundu. Wakavihesabu. Wakaona kwamba uboho ukizidi, vinundu huzidi kwa kipimo kile kile. Kwa chembe 10,000 hivi za uboho, kinundu kimoja. Waliandika habari hizo mwaka 1961, na miaka miwili baadaye wao na wenzao wakathibitisha kwamba kila kinundu kimetoka katika chembe moja tu. Ndani ya kinundu kimoja mliweza kuwa na chembe za damu za namna kadha wa kadha. Basi ikajulikana: ziko chembe mama, chache sana, nazo huweza kuzaa damu.

Mafunzo haya yalipelekwa kwa watu, lakini si kwa urahisi. Mwaka 1957 daktari wa Marekani, E. Donnall Thomas, aliandika habari za wagonjwa 6 aliojaribu kuwatia uboho. Wote walikufa. Sababu moja ni kwamba mwili wa mtu hautambui chembe za kila mgeni. Hapa tena panya walisaidia. George Snell, wa ile maabara ya Bar Harbor, aliligundua fungu la jeni za panya zinazoamua kama kitu kilichopandikizwa kitapokewa au kitakataliwa. Jean Dausset wa Ufaransa akagundua mambo kama hayo kwa binadamu. Wawili hao pamoja na mwenzao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1980. Bwana Thomas hakukata tamaa, naye akaipata mwaka 1990. Watu wengi wenye saratani ya damu wamepona kwa kupandikizwa uboho.

Ugonjwa wa nyumbani kwetu

Sasa, ndugu, tuje karibu. Uko ugonjwa wa damu unaoitwa selimundu. Wengi huuita sikoseli. Seli ni chembe, na mundu ni ule tunaovunia mpunga. Chembe nyekundu nzima ni ya mviringo, nayo hupinda na kupenya kila mshipa. Ya mgonjwa hugeuka ngumu na kujikunja kama mundu, ikaziba mishipa midogo. Ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, mikono na miguu huvimba, macho huwa manjano, na damu hupungua.

Inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 300,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka duniani, na wengi wao wanazaliwa Afrika. Wengi hufa kabla ya kutimiza miaka 5, na pengine hakuna aliyeutambua ugonjwa wao.

Daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe hizo mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba kosa limo katika hemoglobini. Mwaka 1957 Vernon Ingram akaeleza kosa lenyewe. Sehemu moja ya hemoglobini ni kama mnyororo wenye pete 146. Katika selimundu, pete moja tu imebadilika. Pete moja, na mtoto hupata taabu maisha yake yote!

Kwa nini ugonjwa huu umekaa kwetu? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu ya watu wa sehemu nyingi. Aliona kwamba jeni hii ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, mahali penye malaria, na ni chache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alieleza sababu. Mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu, kutoka kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui, tena ana kinga fulani juu ya malaria kali. Lakini aliyerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, huugua selimundu.

Lisikieni vizuri neno hili, kwa kuwa limevunja nyumba nyingi. Mtoto mwenye selimundu hupata jeni kwa wazazi wote wawili. Si kosa la mama peke yake. Si laana, wala si kazi ya jirani. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wanaweza kuwa na afya kabisa, na kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Panya apewa ugonjwa wa binadamu

Hapa wataalamu walikwama, kwa sababu panya haugui selimundu. Walipomwongezea jeni ya selimundu ya binadamu, hemoglobini ya panya mwenyewe ilizuia ile ya binadamu isishikamane. Panya akaendelea kuwa mzima, au akaugua kidogo tu. Ilichukua miaka mingi kulitatua jambo hilo. Mwaka 1997 makundi mawili ya wataalamu wa Marekani, moja la California na jingine la Alabama, walitangaza kwamba wamefaulu. Walizima jeni za hemoglobini za panya, wakaweka za binadamu mahali pake, kisha wakazalisha kwa vizazi kadhaa. Wakazaliwa panya wenye hemoglobini ya selimundu ya binadamu tu. Chembe zao zilijikunja kama mundu, wengu zao zikavimba, damu yao ikapungua, kama ya wagonjwa wetu.

Sasa dawa iliweza kujaribiwa. Mwaka 2001 wataalamu walitengeneza chembe mama za panya hao kwa kuzitia jeni nzuri, wakazirudisha, na ugonjwa ukapungua sana.

Njia nyingine ilianzia kwa watoto wachanga. Mwaka 1948, huko New York, Daktari Janet Watson aliona kwamba watoto wenye selimundu hawaugui miezi ya kwanza, maana bado wana hemoglobini ya tumboni mwa mama. Baadaye ile ya tumboni huzimwa, na maumivu huanza. Je, tungezuia isizimwe? Wataalamu walichunguza jeni za watu wakamjua mzimaji wake, nayo ni jeni iitwayo BCL11A. Mwaka 2011 Stuart Orkin wa Boston na wenzake waliiondoa jeni hiyo katika damu ya panya wenye selimundu. Hemoglobini ya tumboni ikarudi, ugonjwa ukatulia.

Mwaka 2019 wagonjwa wa kwanza wa selimundu wakatibiwa kwa njia iliyofuata wazo hilo, na mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani zikaikubali dawa hiyo. Chembe mama za mgonjwa hutolewa, hurekebishwa katika maabara, uboho uliobaki huuawa kwa dawa kali, kisha chembe zake hurudishwa kwa sindano. Tazameni, ndugu: chembe mama za Toronto, uboho wa kuhamishwa wa mwaka 1951, na panya wa 1997, wote wamo ndani ya tiba moja.

Lakini panya si mtu. Chembe yake nyekundu huishi siku 40 hivi, si 120. Wengu wake hutengeneza damu maisha yake yote, wetu sivyo. Dawa iliyomfaa panya yaweza isimfae mtu, ndiyo maana lazima ijaribiwe tena kwa uangalifu. Wala panya si jiwe, naye husikia maumivu. Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu kikifundisha kwamba wanyama wa maabara watumiwe wachache iwezekanavyo, wasiumizwe bila sababu, na penye njia nyingine, itumiwe hiyo.

Na liko jambo kubwa kuliko hayo. Tiba hiyo mpya ilipotangazwa Marekani, bei yake ilikuwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wengi wako Afrika, nayo dawa iko mbali nao. Elimu imefika, lakini haijafika mlangoni.

Hata hivyo tusikae na kungoja. Iko dawa ya kumeza iitwayo haidroksiurea, ambayo bei yake haikaribii ile hata kidogo. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kongo, Kenya, Uganda na Angola, na matokeo yakachapwa mwaka 2019. Waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache zaidi, walihitaji kuongezewa damu mara chache zaidi, na vifo vilipungua. Lakini hutolewa na daktari, tena kwa kupimwa damu mara kwa mara. Kwa hiyo mtoto mwenye dalili tulizozitaja apelekwe hospitali akapimwe mapema. Na vijana wanaotaka kuoana wanaweza kupimwa pia, wajue hali yao.

Basi, ndugu zangu, leo mkirudi nyumbani mkamwona panya amepita mbio ukutani, mfukuzeni, maana mahindi ni yenu. Lakini mkumbuke kwamba nduguze walitoa damu yao ili sisi tuijue yetu. Kazi iliyobaki si ya panya tena. Ni yetu sisi binadamu, kuhakikisha kwamba kilichojulikana kinamfikia mtoto anayelia usiku.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mwili hutengeneza damu mpya kila siku?
2. Daftari za Bibi Lathrop zinatufundisha nini juu ya faida ya kuandika?
3. Wataalamu wa Harwell walijuaje kwamba chembe za uboho zilihamia kweli?
4. Mtu akimlaumu mama kwa sababu ya mtoto mwenye selimundu, utamjibu nini?
5. Hospitali au zahanati iliyo karibu nanyi hupima selimundu? Wawili wachaguliwe waende kuuliza, walete jibu darasani.